Sahani za Bi Mwanakombo

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na soda, wakaniomba niseme maneno mawili. Nikasema, "Ahsanteni." Hilo ni moja, la pili sikulipata. Vijana wa ofisi ya afya wakacheka, wakadhani mzee anafanya mzaha. Sikuwa na mzaha wowote. Mtu aliyekaa miaka thelathini na ushei akichungulia sufuria za watu hana hotuba, ana mambo. Basi haya ndiyo mambo, nawaandikia ninyi mnaopanda pikipiki leo kwenda kukagua hoteli na fomu yenye visanduku vya kutia alama. Vyeo vyangu na mshahara wangu viacheni, havikuwa vya kusimuliwa.

Niliingia kazini Tanga mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijana wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, mikono bado inanuka maganda ya machungwa. Nikapewa kaptula mbili za kaki, soksi ndefu, kofia ngumu iliyoniteremka mpaka machoni, baiskeli, kurunzi, na chupa ya mafuta ya taa. Kurunzi ni ya kumulika chini ya makabati. Mafuta ya taa ni ya kumwagia chakula kibovu, mwenyewe asije akakiuza ukishampa mgongo. Siku yangu ya kwanza nilimwagia sinia zima la samaki wa kukaanga sokoni. Mwenye samaki, mwanamke wa makamo, alinitazama, hakupiga kelele, akasema tu, "Mwanangu, Mungu akuonjeshe, nawe ujue." Samaki walikuwa wameharibika kweli, ningemwagia tena hata leo. Lakini dua ile naikumbuka, na sidhani kama ilipotea njia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sufiani, Mdigo mrefu, mkavu, mwenye kikohozi kisichoisha. Alikuwa bwana afya tangu enzi za kuvaa kanzu kazini. Aliniambia, "Ukifika hotelini usianzie mbele. Mbele wamekupangia. Zunguka nyuma, tazama maji ya vyombo yanamwagwa wapi. Kisha tazama kitambaa cha kufutia meza. Ukishaona hayo mawili, ingia umwamkie mwenye hoteli. Kilichobaki ni mazungumzo." Akanionya pia nisile mahali ninapokagua. "Ukishakula wali wa mtu, kalamu inakuwa nzito." La kwanza nililishika mpaka nastaafu. La pili nililivunja siku ya nne, kwa mbaazi za nazi, na naona aibu kusema kwamba hata kushindwa kwenyewe hakukuwa kwa vita.

Nilikuwa na njaa, jamani. Mji wenyewe ulikuwa unanukia. Makuli wa bandari, watu wa reli, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliokuja mjini mwisho wa juma, wote walikula nje, na kila barabara ya Ngamiani ilikuwa na mgahawa wake. Nilizijua hoteli kwa pua kabla ya kuzijua kwa majina. Moja ya chapati na maini, mpishi wake alikata nyama na vitunguu kwa kisu kimoja, nami nikamsema kila mwezi mpaka akanunua cha pili, akakitundika ukutani nikione, akaendelea na kile kile. Nyingine ya supu ya makongoro, safi mpaka unashangaa, lakini mwenyewe alikuwa na ulimi wa kufukuza wateja. Na karibu na stesheni ilikuwapo hoteli ya Salimini, ambayo ndiyo hasa habari yangu.

Salimini alikuwa mtu mnene, mcheshi, mpenda kuitwa Mzee kabla ya wakati. Asubuhi kwake kulikuwa na mahamri, mbaazi, na bajia za kunde zenye chatini ya nazi, ile mbichi, ya nazi iliyosagwa jiweni na pilipili na ndimu. Watu walipanga foleni. Nilipozunguka nyuma kama nilivyofundishwa, nikakuta uwanja mkavu, jiko limefagiliwa, sufuria zinametameta. Nikaandika sifa tupu. Nilipomwonyesha Mzee Sufiani alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Jiko lile safi kwa sababu halipiki," akasema. "Salimini hajui kukaanga yai. Anachemsha chai tu. Chakula kinatoka majumbani."

Ndivyo ilivyokuwa. Nusu ya migahawa ya Ngamiani ililishwa na wanawake waliokaa ndani. Wengine wajane, wengine wake za watu, walipika tangu alfajiri, mwenye hoteli akaja kuchukua masinia mlangoni. Hakuna aliyewaona. Sheria ilitutaka tukague kila jiko linalopika chakula cha kuuza. Lakini mwanamume gani angeingia uani kwa mwanamke asiye wake, eti anatafuta nzi? Hata hao Wazungu hawakujaribu. Basi tulikagua kwa utaratibu wetu wenyewe. Unakaa barazani, unapiga hodi, pazia la mlango halitikisiki, sauti inaitikia. Unauliza, "Maji mnayotumia ni ya kisima au ya bomba?" Sauti inasema, "Ya bomba." Unaandika ya bomba. "Chakula kinafunikwa?" "Kinafunikwa, mwanangu, kwani sisi washenzi?" Unaandika kinafunikwa. Chini ya fomu palikuwa na neno: imeonekana. Tukatia sahihi hapo, miaka yote, kwa vitu tulivyovisikia kwa masikio.

Aliyempikia Salimini ni Bi Mwanakombo. Alikuwa mjane wa fundi cherehani, mtu wa Mtang'ata kwa asili, mfupi, mwenye sauti ya juu na meno mazuri kwa umri wake. Nilipanga chumba nyumba iliyopakana na yake, ukuta wetu wa uani ulikuwa mmoja, na kabla sijamkagua alikuwa keshanilisha. Alinisikia napika ugali usioiva, akaita kupitia ukutani, "Wewe kijana wa serikali! Hiyo harufu ni chakula au unachoma nguo?" Tangu siku hiyo, sahani ikawa inakuja. Mimi nikawa mtoto wake, yeye akawa Bibi. Mbele yangu pazia lake halikushuka tena, ingawa jikoni kwenyewe sikuwahi kuingia. Niliishia ukumbini, kama mwana yeyote mwenye adabu. Fomu yake ndiyo niliyoijaza bila hata kuuliza.

Nilioa mwaka wa tatu wa kazi. Zaina alikuwa binti wa Pangani, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Bi Mwanakombo akamwita siku ya pili tu ya ndoa amfundishe kukamua tui. Alirudi amefura. "Mimi nimezaliwa chini ya minazi, leo naambiwa nazi inakunwa hivi na hivi!" Lakini baada ya wiki chuki iliisha, nikawa nawasikia wanacheka uani, kila mmoja upande wake wa ukuta, wakibishana kuhusu hiliki. Nilikuwa nikirudi kazini nakuta chakula ambacho hakuna hoteli ya mji ule ingeweza kukiuza. Niliwakagua wapishi wote wa Tanga, na mpishi bora alikuwa nyumbani kwangu. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilikuwa nasema, "Chumvi imezidi kidogo," kwa sababu ndivyo waume tulivyokuwa.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi, na homa ya matumbo. Walianza makuli wawili, akafuata karani wa reli, kisha mwalimu, kisha fundi wa saa. Wawili kati yao walifariki. Wakati huo Mzee Sufiani alikuwa amestaafu, kikohozi kimemshinda, lakini nilimfuata kwake nikamwuliza nianzie wapi. Alikuwa amelala kitandani. "Usiulize wamekunywa maji gani," akasema. "Kila mtu atakwambia ya bomba. Uliza walikula nini asubuhi, na nani alikula pamoja nao hakuugua."

Nikazunguka mji mzima kwa baiskeli, kitanda hadi kitanda. Wote walikuwa wateja wa Salimini. Waliokunywa chai na mahamri tu walikuwa wazima. Waliokula bajia bila chatini, wazima. Waliochovya kwenye chatini ndio waliolala. Moto unaua kijidudu cha homa ile, na chatini haipiti motoni, inapita mkononi. Niliposhika mstari huo nilishusha baiskeli kando ya njia, nikakaa kwenye jiwe. Nilijua mkono ule ni wa nani. Nilikuwa nimekula chatini ile miaka mitatu, ila sisi wa afya tulidungwa sindano ya kinga. Zaina aliogopa sindano nami sikumlazimisha.

Daktari Mzungu alitaka choo cha mpishi kipelekwe kupimwa. Aliniambia kama mtu anayeagiza kiberiti. Nikaenda ukumbini kwa Bi Mwanakombo, na kikopo nimekificha ndani ya kofia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa kama mposaji?"

Nikazungukazunguka. Nikasema habari za mvua. Mwisho nikalitoa. Akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa upande wa leso.

"Rajabu! Serikali imekusomesha, imekuvika soksi, ikakupa na baiskeli, uje uniombe mimi mavi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Makubwa! Haya, lete hicho kikopo chako. Sijawahi kumnyima mtu kitu."

Kilipelekwa mara tatu, kikarudi na jibu lile lile. Alikuwa ameugua homa hiyo miaka mingi nyuma, ujanani, akapona, na kijidudu kikabaki tumboni bila kumuuma. Dawa ya kuwasafisha watu wa aina hiyo wakati ule hatukuwa nayo. Ilipokuja, yeye alikuwa keshazikwa. Daktari akasema neno ambalo nimelirudia moyoni mara nyingi kuliko sala zangu: "Asipikie mtu yeyote. Mweleze vizuri, kwa lugha yenu, aelewe."

Kwa lugha yetu! Hapo ndipo nilipokosea, vijana, na nawaomba msome polepole. Kwa lugha yetu mtu hamwambii mama aliyemlisha kwamba mkono wake unaua. Maneno yapo, lakini mdomo wa kuyasemea haupo. Niliingia ukumbini kwake mchana, nikavua kofia.

"Bibi, serikali imesema upumzike."

"Nipumzike na nini?"

"Na kuuza chakula."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ni kile kikopo. Wameona kijidudu kidogo tumboni."

"Tumbo langu haliniumi."

"Ndiyo, hakiumi. Ni utaratibu tu, Bibi. Ni wa serikali."

"Aa," akasema. "Wa serikali." Akalikubali kama watu walivyokubali kodi ya kichwa na amri ya kufunga mbwa. Hakuna aliyetegemea serikali ieleweke. Akauliza kama anaruhusiwa kujipikia mwenyewe, nikasema anaruhusiwa. Akasema Alhamdulillahi. Akatia dole gumba kwenye karatasi iliyosema asipike chakula cha kuuza, nami nikatoka nimefarijika, nikijisifu kwamba nimefanya kazi ya Mzungu kwa adabu za kwetu. Mjinga mkubwa mimi.

Mtaa ulininunia. Asubuhi ile sauti ya kukuna nazi ilikoma, na watu waliizoea kama wanavyozoea adhana. Salimini alitafuta mpishi mwingine, bajia zikawa ngumu, akaniamkia kwa nusu mdomo. Lakini aliyekasirika hasa ni Zaina.

"Umemfungia Bibi jiko? Wewe, Rajabu? Kwa lipi?"

"Kazi ya serikali haisimuliwi nyumbani."

"Basi hiyo serikali yako ije ikupikie."

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Lakini niliona nikisema, litapita ukuta ule, litafika mtaani, na mtaa hautasema kijidudu. Mtaa utasema mwanga. Mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto, watu wamekula kwake wakafa. Mnajua wenyewe neno linalofuata. Basi nikanyamaza, na ili kujipoza moyo nikamwambia Zaina, "Ukipika, umkumbuke Bibi. Hana kipato sasa." Ni mimi niliyesema. Hakuna aliyenituma.

Zaina akawa anampelekea sahani kila mchana. Mimi nilikuwa natoka asubuhi na kurudi jioni, chakula nakikuta kimepakuliwa, sikujua kinachoendelea katikati. Baada ya kama mwezi akaanza kuumwa kichwa. Kisha homa, inapanda kidogo kila siku, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Niliijua. Nilikuwa nimeiona katika vitanda vya watu wote hao. Nilimbeba hospitali siku ile ile, nikarudi nyumbani kuchukua kanga zake, na kwenye rafu ya jikoni nikakuta sahani imefunikwa kawa. Nikafunua. Chatini ya nazi, nusu imeliwa.

Nikarudi hospitali mbio. "Zaina, ile chatini ya nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Ya Bibi, ya nani tena? Nampelekea sahani, anairudisha na kitu. Sahani hairudi tupu, Rajabu. Wewe hukulelewa?"

Nilikuwa nimelelewa. Kila mtu wa pwani na wa milimani amelelewa hivyo: chombo cha jirani hukirudishi kikavu, hata kama huna kitu utatia chumvi, utatia limau. Bi Mwanakombo alikuwa na minazi miwili uani na jiwe lake la kusagia. Alirudisha alichokuwa nacho, kilicho bora. Karatasi yangu ilikataza cha kuuza. Katika miaka yote ile ya kukagua mji, sikuwahi kufikiri kwamba chakula kingi cha Tanga hakiuzwi.

Zaina alikaa wiki tatu. Walimpa dawa mpya, ikaonekana inashika, homa ikashuka, akaomba ndizi. Nikaenda kumtafutia. Nilirudi nikakuta tumbo limekuwa gumu na wauguzi hawanitazami usoni. Alifariki mchana wa Ijumaa, tukamzika kabla ya magharibi. Nililia mbele za watu, sikujali.

Siku ya pili ya matanga, nyumba imejaa, moto wa kwetu umezimwa kama desturi, majirani ndio wanaopika. Nilikuwa nimesimama mlango wa uani nikipata hewa. Bi Mwanakombo akatokea na sinia kichwani, limefunikwa, macho yamevimba kwa kulia. Alikuwa amepika wali, na pembeni kuna bakuli. Sikuhitaji kuambiwa bakuli lina nini. Wanaume wako barazani wananawa mikono. Nikalipokea sinia, nikasimama nalo. Sikulipeleka mbele, wala sikulirudisha. Nilisimama tu, mikono inauma.

"Wapelekee watu, mwanangu, litapoa."

Akanitazama usoni. Akatazama sinia. Alikuwa mwanamke mwenye akili, ni mimi niliyemfanyia kama hana. Nikaona jambo linamwingia polepole, kikopo, karatasi, kijidudu, makuli, Salimini.

"Rajabu," akasema, sauti chini. "Ni mimi?"

Ningesema hapana, angeniamini, kwa sababu angetaka kuniamini. Nikalishikilia sinia. Akakaa chini pale pale mavumbini, kwenye njia ya maji machafu, akashika kichwa.

"Mbona hukuniambia? Mbona hukuniambia, mwanangu? Ningeacha. Wallahi ningeacha."

"Nilikuonea haya, Bibi."

Alilia bila sauti, maana ndani walikuwapo watu. Halafu akafuta uso, akainuka, akachukua sinia lake mikononi mwangu. "Usimwambie mtu," akasema. "Nakuomba kwa haki ya yule uliyemzika jana. Wakijua, wataniita mwanga, hawataniosha hata nikifa."

Nikaapa. Akaondoka na chakula chake, akakifukia nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo Bi Mwanakombo hakumpikia mtu hata punje. Majirani walikuwa wakimpelekea sahani, kwa kuwa hana kitu, na sahani zikarudi zimesuguliwa kwa majivu na jani la mpapai, zinang'aa, tupu. Mwanzo watu walisema ni msiba, alimpenda yule binti. Baada ya miezi wakaanza kuguna. Na minazi yake ile imezaa! Hata nazi moja? Hata limau? Bi Mwanakombo kawa mnyimi. Kazeeka vibaya. Siku moja nilimkuta jirani mmoja amesimama mlangoni kwake, sahani tupu mkononi, akaipiga kwa kidole ilie, mwenyewe asikie kule ndani. Nyumba moja baada ya nyingine zikaacha kupeleka. Watoto waliacha hata kumwamkia kwa sauti. Mimi nilipita hapo na kofia yangu na baiskeli yangu kila siku.

Nilijifunza kupika, maana sikuoa tena kwa miaka mingi, na sahani yangu haikukoma kwenda kwake. Mwisho ilibaki yangu peke yake. Wali ulioshika chini, mchicha, samaki niliowakaanga mpaka wakakauka. Hakunilalamikia ila mara moja, alipoita kupitia ukutani, "Tui la pili unaweka kabla ya la kwanza, wewe mtu!" Nilifurahi siku hiyo. Nilidhani amepata nafuu. Kesho yake sahani ilirudi kimya, kama siku zote.

Nyie wa sasa mna visanduku vya kutia alama, na mna wanawake kazini wanaoingia jikoni bila hodi za barazani. Vizuri. Lakini siku mtakapopewa neno zito la kumpelekea mtu, lipelekeni zima. Msilikate vipande kwa heshima. Heshima yangu imezika mtu mmoja, na mwingine ikamweka hai kwa aibu.

Bi Mwanakombo alikufa kabla miaka ile ya hamsini haijaisha, usingizini, bila kumsumbua mtu. Aliogopa hataoshwa, alioshwa vizuri, mtaa ulijitokeza, Mungu awalipe. Ila baada ya maziko, tumekaa barazani kwake tunakunywa kahawa, maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Tumsamehe, mkono wake ulikuwa mgumu." Mwingine akasema amekula sahani za watu miaka na hakurudisha hata chumvi. Salimini, ambaye alinenepa kwa mikono ile, akatikisa kichwa. "Alipokuwa analipwa alipika. Alipoacha kulipwa, akaukunja mkono. Watu ndivyo walivyo."

Wote waliokuwa pale wameshatangulia leo, ndiyo maana naandika. Siku ile walikuwa hai, na kiapo changu kilikuwa hai. Salimini akanigeukia, kikombe mkononi.

"Au sivyo, bwana afya? Wewe ndiye uliyekuwa jirani yake."

"Ndivyo," nikasema.